Nakala ya Pasipoti

Mama Anyisile alikuwa ameandika miji saba kwenye karatasi yake, na wa saba ulikuwa Yerusalemu.

"Mama, Yerusalemu haiko Ulaya," nilimwambia.

"Lakini ndege si inapita juu yake?"

"Huenda inapita. Haisimami."

Alicheka, akanipokonya kalamu, akaukata mwenyewe. Ikabaki sita: Hamburg, Berlin, Dresden, Paris, Roma na Torino. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, barazani kwake Ngonga, atlasi yangu ya shule ikiwa wazi mezani na kikombe cha chai kimewekwa juu yake upepo usije ukafunua kurasa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, naitwa Jovitus. Kwetu ni Muleba. Serikali ndiyo iliyonileta Kyela, na kwa miaka sita nimepanga vyumba viwili kwenye ua wa Mama Anyisile. Niliwahi kusoma mwaka mmoja Uholanzi, na kwa sababu hiyo watu wa Ngonga huniuliza habari za Ulaya nzima kana kwamba niliizunguka kwa baiskeli. Mama Anyisile, Anyisile likiwa jina lake mwenyewe, alikuwa mkunga. Kwa miaka thelathini na minne alipokea watoto wa Ngonga, wa Ikolo na wa vijiji vya kandokando, na siku alipostaafu alisema kiinua mgongo chake atakigawa mafungu mawili: la kwanza la kupanda upya mikakao iliyozeeka, la pili la kwenda kuwaona wanawe kabla magoti hayajakataa.

Wanawe ni wawili. Gwamaka yuko Hamburg tangu mwaka 2012. Mdogo wake, Asifiwe, ana mwaka wa tano Torino, kule Italia. Baba yao, mzee Amon, alifariki wangali shule ya msingi, na ni mama aliyeuza sehemu kubwa ya shamba la Ikolo ili Gwamaka apate nauli na ada ya kwanza. Hilo hakuniambia yeye. Niliambiwa na mtu aliyelinunua.

Mbali na watoto, alitaka kuona kaburi moja. Sista Irmgard, Mjerumani aliyemfundisha kazi kule Matema, alirudi kwao uzeeni na akazikwa katika kijiji kimoja jirani na Dresden.

"Yeye ndiye aliyenifundisha kumgeuza mtoto tumboni kwa mikono hii," aliniambia. "Nikifika nitasimama tu. Sina hotuba."

Nilimweleza ukweli kama ninavyowaeleza wanafunzi. Ukipanga miji sita kwa siku kumi na tano, utakachoona ni stesheni sita. Kila siku ya kuhama ni siku iliyopotea: unafunga mizigo, unasubiri, unafika umechoka, unaanza kutafuta pa kulala. Na siku zenyewe zisingeweza kuongezeka. Palizi ya mpunga ingeisha katikati ya Machi, na kabla Aprili haijaisha masuke yangeingia maziwa na ndege wangeshuka. Hakuwa na mtu wa kumwachia shamba.

Paris aliitoa bila ubishi. Roma ilimuuma kidogo. Berlin tukaifanya mahali pa kubadilishia treni tu. Mwishowe tukapata mpango ambao mpaka leo nauona ni mzuri. Angeingia kwa ndege Hamburg na kuondokea Milano, jirani na Torino, ili asilipie kurudi njia aliyokwisha kuipita. Kwa Gwamaka angelala usiku nane. Halafu treni hadi Dresden, usiku mbili kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Usiku mmoja ungeishia ndani ya basi la kushuka kusini, maana basi la usiku ni usafiri na ni kitanda pia. Kisha usiku tatu kwa Asifiwe. Jumla kumi na nne. Nilipiga hesabu ya nauli zote tukinunua tiketi mapema, na fedha ya fungu la pili ilitosha, ikabaki ya maji na mkate.

"Usiku nane," alisema akiigusa ile namba kwa kidole. "Nitampikia mpaka shati limkatae."

Iliyobaki ilikuwa viza. Nilimweleza kwamba anayetaka kuzunguka nchi kadhaa za kule huomba kwenye ubalozi wa nchi atakayolala zaidi, na akisema anafikia kwa mwanawe, basi mwanawe huenda kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha mshahara, anasaini kwamba atambeba mgeni wake kwa kila kitu. Kwa hiyo barua ilikuwa ya Gwamaka.

Gwamaka alikuwa na kawaida ya kupiga simu Jumapili alasiri, akiwa ndani ya gari. Jumapili hiyo mama aliiweka simu mezani, sauti juu, kama anavyofanya siku zote kwa sababu sikio la kushoto limekuwa zito.

"Karibu sana, mama!" Gwamaka alisema. "Hizo ndizo habari!"

Jumapili iliyofuata alisema nyumba yake ni ndogo, huenda usiku nne ungefaa zaidi. Nilifuta nane nikaandika nne, na nne zilizobaki nikazihamishia Torino. Lakini sasa Torino ilikuwa na saba, kuzidi Ujerumani yote, maana yake barua ilihamia kwa Asifiwe. Tukampigia. Asifiwe alipokea kwa sauti ya chini.

"Mama, mimi namtunza bibi mmoja mzee, nalala kwake. Kitanda changu kiko chumbani mwake, nimsikie akiamka. Nikikupokea itabidi nikuombee sofa kwa rafiki yangu, na hiyo ni kwa siku tatu tu. Mshahara wangu hauna karatasi. Mwenye nyumba ni Gwamaka."

"Kumbe unamtunza bibi," mama alisema. "Uliniambia hoteli."

"Nilianza hotelini, mama."

Tukarudi kwa Gwamaka. Mwezi wa Novemba alisema usiku tatu. Krismasi alisema mbili, na kwamba barua afadhali isitoke kwake kwa sababu kazini kuna mabadiliko. Kila mara nilifuta kwa raba, mpaka karatasi ikatoboka pale palipoandikwa Hamburg. Siku moja mama aliitazama, akahesabu kwa vidole, akaniambia, "Mwalimu, hapa kuna usiku kumi na nne na watoto wangu wamechukua tano. Zilizobaki hazina mwenyewe hata tukitoa za Sista."

Nilimwambia tunaweza kuomba viza bila barua ya mtu, kwa taarifa yake ya benki na vyumba vya kulipia, ila tungehitaji anwani ya Gwamaka ya kuandika kwenye fomu.

"Basi tumpigie atupe."

Hakuwahi kumpigia Gwamaka. Gwamaka ndiye aliyekuwa akipiga, kwa sababu, alivyokuwa akisema, simu za mchana zinamharibia kazi. Ilikuwa Jumamosi ya Januari, mvua imetoka kukatika. Nilibonyeza mimi, na bila kukusudia nikabonyeza ya video.

Aliyepokea alikuwa mtoto wa kike. Alikuwa na umri wa miaka sita au saba, nywele zimesukwa mabutu mawili, na meno mawili ya mbele hayapo. Alimtazama mama, mama akamtazama. Nilikuwa nimesimama pembeni, na naapa sikuhitaji kuambiwa ni wa nani. Paji la uso lilikuwa lile lile.

Mtoto akaita kwa Kijerumani. Akaja mwanamke mwenye miwani, mikono imejaa unga. Mama akamsalimu kwa Kiingereza chake cha wodini, kile kile alichokuwa akiongea na Sista Irmgard.

"Mimi ni mama yake Gwamaka."

Yule mwanamke akatabasamu kama mtu ambaye hakusikia vizuri. "Samahani. Mama yake nani?"

"Gwamaka. Mimi ni mama yake."

"Mama yake Gwamaka alifariki," alisema polepole, akitafuta maneno. "Mwaka 2017. Familia yangu ilichangia mazishi."

Mama Anyisile ameona mengi katika kazi yake. Hakupiga kelele. Alisema, "Nitapiga tena," akanirudishia simu niizime. Kisha akakaa, mikono juu ya magoti.

"Mwaka huo ndio aliotuma hela ya bati," alisema hatimaye.

Wote wawili tukainua macho. Paa la baraza, bati za rangi nyekundu, bado lilikuwa likidondosha matone ya ile mvua.

Simu iliita haikupita nusu saa. Nilitaka kuondoka, akanionyesha kiti kwa kidevu. Gwamaka alikuwa akilia.

"Mama, nisikilize kwanza. Uliniambia nyumba inavuja, godoro limeoza, unalala na beseni miguuni. Nilikuwa sina kazi. Nilikuwa nimeshamwomba Silke, huyo uliyemwona, mara nyingi, na baba yake aliniuliza mbele ya watu, kila mwezi nyumbani, kila mwezi nyumbani? Ningesema nini? Huku mtu akifiwa hawamuulizi."

"Ukaniua."

"Nikakutumia yote, mama! Sikubakiza hata senti."

"Najua. Nimelala chini yake miaka minane."

Gwamaka akapumua. Aliposema tena, sauti ilikuwa imebadilika, ya haraka, ya mtu anayeona mlango. "Mama, nimeshaiweka sawa. Nimemwambia Silke wewe ni mama mdogo. Nimemweleza kwamba kwetu mdogo wake mama naye ni mama, ndiyo maana umesema hivyo. Na si uongo, mama. Kwetu si ndivyo ilivyo?"

"Mimi sina mdogo wa kike."

"Mama, sikiliza. Amefurahi mpaka amelia. Anasema hajawahi kumwona ndugu yangu yeyote zaidi ya Asifiwe. Anasema uje, ukae hata usiku kumi. Barua atasaini yeye, mshahara wake ni mzuri."

Mama aliisogeza simu karibu. Halafu akauliza, "Na yule mtoto anaitwa nani?"

"Anyisile. Tulimpa jina lako."

"La marehemu," mama alisema, akazima simu mwenyewe.

Siku iliyofuata nilimkuta barazani na ile karatasi. "Mama mdogo amepata usiku kumi," aliniambia. "Mama alipata mbili. Andika kumi, Mwalimu."

"Una hakika?"

"Andika."

Nikaandika. Kumi Hamburg, mbili Dresden. Na kwa sababu mbili zilizobaki zisingetosha kushuka Italia, Torino ikakosa nafasi. Asifiwe angepanda basi amfuate mama kule Dresden, akiruhusiwa na wenye bibi yao. Alipoulizwa kama alijua, Asifiwe hakuzunguka. "Nilijua, mama. Nilipofika kwao mara ya kwanza, kaka alinikuta stesheni akaniambia nikikutaja nikutaje kwa wakati uliopita. Nilifikiri ataimaliza mwenyewe." Mama akamjibu kwamba kosa la mtu mzima halimaliziki lenyewe, ila hakumgombeza zaidi.

Sitasema alikuwa na furaha, lakini alijiandaa. Alikwenda Lyulilo siku ya soko akarudi na chungu kidogo cha Wakisi, wafinyanzi wa kule ziwani, kiasi cha kikombe, cha kumpelekea mjukuu. Alinunua sweta Kyela mjini. Silke alikuwa akimtumia ujumbe kila siku mbili tatu kwa Kiingereza chepesi, akimwita shangazi kwa namna yao, akimuuliza anakula nini na anaogopa mbwa au haogopi. Mama alinipa nimsomee yale yaliyompita, na majibu aliandika mwenyewe, polepole, kwa kidole kimoja. Niliona anampenda. Hilo ndilo lililonitisha.

Mwishoni mwa Februari zikaja jumbe mbili asubuhi moja. Wa kwanza ulikuwa wa Silke. Alikuwa amepata miadi ofisi ya wageni Alhamisi, wanataka nakala ya pasipoti ya mgeni, tafadhali amtumie. Chini yake aliweka picha: rafu ya vitabu sebuleni kwao, na juu ya rafu picha ya Mama Anyisile akiwa na sare ya uuguzi, miaka ishirini iliyopita, ndani ya fremu. Mbele ya picha kulikuwa na mshumaa. "Anni huuwasha kila Novemba kwa ajili ya bibi yake," Silke aliandika; Anni ndivyo wanavyomwita yule mtoto. "Mnafanana sana na dada yako. Natamani ningemjua."

Wa pili ulikuwa wa Gwamaka. "Mama, pasipoti nitumie MIMI. Usimtumie Silke. Nitapeleka mwenyewe."

Mama aliitazama ile picha mpaka kioo cha simu kikazima. Akakigusa kikawaka, akatazama tena.

"Nina mshumaa," alisema.

Tukaenda Kyela mjini, kwenye duka moja la kuchapisha na kutoa kopi. Mwenye duka alipiga pasipoti ile kwenye mashine, akaniingizia picha yake kwenye simu ya mama. Ilionekana wazi kabisa. Jina la ukoo, kisha ANYISILE, tarehe ya kuzaliwa, na mahali: Matema. Silke alikuwa amempa mwanawe jina lile akijua limetoka kwa nani. Hapakuwa na njia ya kulisoma akaelewa vingine.

"Tumtumie Gwamaka?" niliuliza.

"Gwamaka ataifanya nini?"

"Sijui. Labda atasema ninyi dada mlichangia jina. Labda atatafuta mtu wa kuibadilisha."

"Na mimi nitakaa usiku kumi nikiwashiwa mshumaa nikiwa hapo hapo, nakunywa chai."

"Mama, ukimtumia huyu mwanamke atalisoma jina."

"Si amesoma shule?"

"Amesoma."

"Basi tuma, Mwalimu. Mimi sisemi neno lolote baya juu ya mwanangu. Ameomba pasipoti, mpe pasipoti."

Ni mimi niliyebonyeza. Nimeshajiambia mara nyingi kwamba simu ilikuwa ya kwake na uamuzi wa kwake. Kidole kilikuwa changu.

Alama mbili za bluu zilitokea kabla hatujatoka dukani. Kisha hapakuwa na kitu. Alhamisi ya miadi ikapita. Mama alipalilia mpunga wake, jioni anaiweka simu mezani mbele yake na kuitazama bila kuigusa. Siku ya kumi na moja Silke aliandika. Nilimsomea mimi, na ninakumbuka kila neno. Alisema anafurahi kwamba yuko hai. Alisema hana hasira naye. Alisema baba yake aliyechangia mazishi amefariki mwaka jana akiwa anaamini alimsaidia kijana yatima, na kwamba sasa kila jambo ambalo Gwamaka amewahi kumwambia analigeuza upya na hajui lipi lilikuwa kweli. Gwamaka amehamia kwa rafiki. Mtoto hajaambiwa. "Tafadhali usije sasa," alimalizia. "Sijui ningemwambia Anni umetoka wapi."

"Ndaga," mama alisema, kama vile Silke alikuwa pale akimkabidhi kitu. Asante.

Gwamaka alipiga Jumapili. Hakuwa analia safari hii.

"Umenibomolea nyumba, mama."

"Nilituma jina langu."

"Ulijua! Ulijua litafanya nini! Ungekuja, ungemwona mtoto, ungemshika. Nani angeumia? Nani?"

Niliona kwamba swali lile lilimpata mama mahali. Akasema, "Uliponizika ulinililia?"

Nadhani Gwamaka alikuwa akikumbuka kwa kweli, maana kimya kilikuwa kirefu. "Nililia," alisema. "Walikuwa wanatazama, ikabidi. Halafu nikashindwa kunyamaza."

"Haya," mama alisema. Ndivyo walivyoagana. Hajapiga tena mpaka leo ninapoandika haya.

Nilijaribu kuokoa kilichobaki. Nilichora mpango mwingine: Torino peke yake na kaburi la Sista, siku tisa, kwa taarifa ya benki bila barua ya mtu. Ungewezekana kabisa. Lakini nafasi ya karibu ya kupeleka maombi Dar es Salaam ilikuwa Mei, na viza yenyewe huchukua wiki. Mei na Juni ni mavuno. Asifiwe naye alipiga kusema yule bibi amezidiwa, hawamruhusu kutoka hata saa moja. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akanisifu kwa kazi nzuri, akaikunja karatasi na kuiweka ndani ya atlasi, kisha akaniletea mayai kumi kama mtu anayelipa fundi.

Aprili ndege walishuka. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nilikwenda naye shambani kuwafukuza. Tulikaa juu ya kichanja alichojijengea, kila mmoja na kamba yake iliyofungwa makopo, tunavuta, makopo yanalia, kundi linaruka na kutua hatua hamsini mbele. Ni kazi ya kuchosha na haina mwisho. Mchana ulipokuwa mkali aliniuliza bila kunitazama.

"Mwalimu. Ungekuwa wewe, ungeituma?"

"Sijui, mama," nilisema.

Nilidanganya. Ninajua kabisa. Ningemtumia Gwamaka ile pasipoti, ningevaa sweta, ningekuwa mama mdogo usiku wote kumi na kumshika yule mtoto mapajani, na ule mshumaa ningemsaidia kuuwasha. Sijui kama yeye aliliona hilo usoni mwangu. Aliitikia kwa kichwa tu, akaivuta kamba, kwa sababu walikuwa wameshatua tena upande wa mtoni, kwenye masuke yaliyotangulia kukomaa.